Figo ya mdogo wake ilikubali Februari 2020, Septemba 2021 ikakataa: kisa cha dereva wa Moshi

Mwenye kisa hataki jina lake liandikwe, kwa iyo humu tutamwita Dereva maana ndo kazi yake, anaendesha watalii kampuni za Arusha ila familia iko Moshi, mitaa ya Pasua. Mimi ni nesi wa mashine za kusafisha damu na nimemhudumia kwa mda mrefu tu. Naandika kwa sababu watu wanapoongelea korona na wagonjwa wa figo wanaongelea waliokufa kwa korona basi, na huyu bwana korona yenyewe hakuwahi kuugua, au kama aliugua hakupimwa, ila ilimpindua maisha kuliko wengi iliowalaza kitandani.

Swali lenyewe ni hili. Februari 2020 sampuli za damu ya Dereva na ya mdogo wake wa kiume zilitumwa nje ya nchi zikafanyiwa krosimachi, yani wanachukua seli za anaetoa figo wanaziweka kwenye maji ya damu ya anaepokea wanaangalia kama kuna vita. Hamna vita. Majibu yakarudi safi, familia ikapiga vigelegele, kundi la WhatsApp la michango likajaa mikono ya kusali. Septemba 2021 wakapimwa tena watu walewale wawili, majibu yakarudi vita tupu, figo ya mdogo wake ingewekwa mle ndani ingeweza kufa hata kabla daktari hajamaliza kushona. Sasa ndugu ni walewale, figo ni ileile. Katikati hapo kilibadilika nini?

Turudi nyuma kidogo. Dereva alikuwa na presha toka 2016 hivi na dawa alikuwa anameza akikumbuka, ukiwa Serengeti siku kumi na wageni unasema ntameza nikirudi, ukirudi unajisikia mzima unaacha. Oktoba 2019 akaanza kutapika asubuhi na kuvimba miguu, akafikiri ni malaria na viatu. Kreatinini, yani uchafu wa kwenye damu ambao figo inatakiwa kuutoa, ikaja 1,240, juu mno, na ultrasaundi ikaonyesha figo zote mbili zimesinyaa. Hapo hamna cha kuokoa, akawekewa mpira wa shingoni akaanza mashine wiki hiyohiyo, baadae akatengenezewa fistula mkono wa kushoto, yani mishipa miwili ya damu inaunganishwa ili sindano za mashine zichomwe hapo, ile ukiweka kidole unasikia inatetemeka kama simu iliyowekwa sailenti mfukoni.

Mara tatu kwa wiki, masaa manne manne. Bima hana. Madereva wengi wa utalii ni watu wa trip, msimu ukiwa mzuri mfuko umejaa, hamna mwajiri wa kudumu wala makato, na yeye alikuwa mmoja wao. Kwa iyo kila kipindi ni keshi, na hesabu ya familia toka mwanzo ilikuwa mashine ni ya miezi michache tu mpaka apate figo. Hapa nchini upandikizaji ulishaanza, Muhimbili Novemba 2017 kwa kushirikiana na madaktari wa hospitali ya BLK ya New Delhi, na Benjamin Mkapa pale Dodoma Machi 2018 wakiwa na Wajapani wa kundi la hospitali la Tokushukai. Ila kaka mkubwa alikuwa na mtu anamjua aliyeenda India akarudi mzima, wakaletewa makadirio ya dola elfu 14 bila tiketi na malazi, wakaamua India. Sikuwapinga. Wakati ule watu wengi hawakuamini ya nyumbani, na ukweli ni kwamba India walishapandikiza maelfu kwa maelfu.

Mdogo wake ndo akajitolea, kijana wa miaka 29, fundi magari pale Majengo, damu O. Dereva ni B, kwa iyo kwa kundi la damu hamna tatizo. Tishu zinafanana nusu, ambayo kwa ndugu wa tumbo moja ndo kawaida, maana kila mtoto anachukua nusu kwa baba nusu kwa mama, robo ya ndugu wanakuja kufanana kabisa, nusu wanafanana nusu, robo hawafanani hata kidogo. Kulikuwa na dada yao pia ila alikuwa mjamzito, hakuna hata aliyemuuliza. Mkumbukeni huyo dada.

Ticketi zikakatwa za Aprili 2020.

Mnakumbuka wenyewe kilichotokea. WHO wakatangaza janga la dunia tarehe 11 Machi, na tarehe 16 Machi waziri wa afya akatangaza mgonjwa wa kwanza Tanzania, na huyo mgonjwa alitua KIA hapa kwetu akitokea Ubelgiji akaishia Arusha, kwa iyo sisi kaskazini habari hatukuisikia kwa mbali. India wakafunga ndege za kimataifa kuanzia tarehe 23 mwezi huohuo na tarehe 25 wakaweka watu wote ndani. Na sisi tukafunga anga Aprili, tukafungua Mei tarehe 18. Kufungua kwetu hakukumsaidia Dereva, maana kule anakokwenda mlango uko na komeo.

Hapa sasa ndo pa kukaa kidogo, kwa sababu watu wanadhani tatizo lilikuwa ndege tu. Hata angekuwa anaishi mtaa wa pili na hiyo hospitali asingepandikizwa mwezi ule. Karibu dunia nzima programu za figo zilisimama au zilipunguza mno, na wachangiaji walio hai ndo walisimamishwa wa kwanza. Sababu ukizisikiliza zina akili. Anaetoa figo ni mtu mzima wa afya ambae hana shida yoyote, unamlaza vipi hospitali iliyojaa korona kwa kitu ambacho kinaweza kusubiri? Anaepokea nae unamshusha kinga makusudi ili mwili usiikatae figo, wiki za mwanzo ndo kinga iko chini kabisa, na ni wakati kirusi kiko kila kona na hamna chanjo. Hospitali moja kule Bronx, New York, ilitoa taarifa mapema mwaka huo ya wagonjwa 36 wa figo za kupandikizwa waliopata korona, 10 wakafa ndani ya wiki tatu. Hizo namba zilimtisha kila daktari wa figo duniani, na kwa haki kabisa.

Kwa figo zinazotoka kwa marehemu shida ilikuwa nyingine. Zile zinahitaji kitanda cha wagonjwa mahututi, ventileta, timu ya usiku, ndege ya kusafirisha kiungo, na vyote hivyo vilikuwa vimebebwa na korona. Hispania ambao ndo vinara wa dunia kwa kazi hii walikuwa wanapata wastani wa watoaji 7 kwa siku, baada ya hali ya dharura ya Machi wakashuka wakawa na mmoja na kidogo. Ufaransa upandikizaji wa viungo vya marehemu ulishuka kwa asilimia 90 hivi ndani ya wiki chache, Marekani nusu. Baadae waliinuka, Marekani walimaliza 2020 wakiwa na watoaji marehemu wengi kuliko 2019, ila wachangiaji walio hai walishuka kutoka zaidi ya 7,300 mpaka 5,700 hivi. Yani hata kwenye nchi yenye kila kitu, hawa wa kutoleana ndugu kwa ndugu ndo waliumia. Na India ambako karibu mfumo mzima unategemea watu walio hai, viungo vyote kwa ujumla vilitoka 12,666 mwaka 2019 vikaja 7,443 mwaka 2020.

Kuna uchambuzi mmoja ulichapishwa 2021 wa nchi 22, mnaopenda namba mtaupenda. Ukilinganisha 2020 na 2019, moyo ulishuka kwa asilimia 5 tu, ini 10 na nusu, mapafu 15, figo 19. Kwa nini figo imeshuka karibu mara nne ya moyo? Kwa sababu moyo ukishindwa leo na hupati mwingine unakufa. Figo ikishindwa kuna mashine. Daktari wa London au Paris akiamua kusimamisha figo anajua mgonjwa wake ana mahali pa kusubiria, serikali au bima inalipa, gari linamfuata nyumbani, sindano za kuongeza damu anapewa. Uamuzi wote wa dunia wa kuahirisha figo umesimama juu ya hicho kitu kimoja: mashine ipo, atasubiri.

Dereva aliingizwa kwenye hesabu hiyohiyo na mashine yake analipa mfukoni.

Sasa angalieni mfuko. Utalii ndo ulikuwa unalipa hiyo mashine. Watalii walioingia nchini 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5, 2020 wakawa laki 6 na elfu 20. Arusha mwezi wa tano mwaka ule ilikuwa inatia huruma, Land Cruiser zimepangwa yadi zimefunikwa vumbi, madereva wanauza mboga, mwingine kafungua genge Sakina, mwingine karudi kijijini kulima. Dereva hata angekuwa na nguvu ya kuendesha hamna wa kumwendesha. Pesa ya India iliyochangwa, ambayo ilikuwa kama milioni 22, ikaanza kuliwa na mashine. Kila kipindi laki mbili na nusu. Piga hesabu mwenyewe, mara tatu kwa wiki ni zaidi ya milioni 3 kwa mwezi.

Juni 2020 akaja kuniambia, "Sista, naomba tuwe tunafanya mara mbili." Nikamwambia kaka, daktari hawezi kukuandikia hivo, akasema simwombi daktari aniandikie, naomba usinipigie simu siku ya tatu kuniuliza niko wapi. Sikuwa na la kumjibu.

Na hapo katikati kulikuwa na hili la mitishamba, siwezi kuliruka. Mei 2020 kila nyumba Moshi inachemsha, tangawizi, malimao, michaichai, majani ya mwarobaini, watu wanapiga nyungu asubuhi na jioni. Nyungu yenyewe kwa mgonjwa wa figo haina neno, unatoka jasho tu. Shida ni jagi. Mama yake, kwa upendo kabisa, akawa anampa jagi zima la tangawizi na limao kila siku "kinga iwe juu," na mtu wa mashine kwa siku anaruhusiwa maji kidogo mno maana mkojo haupo, anachokunywa kinakaa ndani. Juu ya hapo kuna potasiamu, madini ya kwenye vyakula ambayo figo ikifa hayatoki, yakizidi yanavuruga moyo. Mgonjwa wetu yeyote wa Kilimanjaro tunaanza nae ugomvi kwenye ndizi, mtu kazaliwa kwenye migomba unamwambia asile ndizi ni kama umemfukuza kwao, kwa iyo tunawafundisha: menya, katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga, chemsha tena kwa maji mapya, mwaga, ndo upike. Dereva alikuwa anafata vizuri. Ila jagi hakulihesabu kama chakula, alilihesabu kama dawa. Akaja Jumatatu moja kilo tano na nusu juu ya uzito wake mkavu, yani ule wa bila maji ya ziada, anapumua kwa mabega, potasiamu 7.1, karatasi ya kipimo cha moyo imechora vilele vimechongoka, dalili kwamba potasiamu imeshafika kwenye moyo. Tulimwingiza mashine bila hata kungoja zamu. Mama yake nje ya mlango anauliza, "Mwanangu, kumbe hii dawa haijamfaa?" Nikamwambia shikamoo mama, dawa ni nzuri kwako wewe, kwake yeye ni maji.

Sasa tunafika penyewe.

Figo inatoa homoni inayoamrisha mifupa itengeneze damu, figo ikifa homoni haipo na damu inashuka. Dawa yake ni sindano ambazo wagonjwa wetu wanaziita Epo, wengi wanachoma mara mbili tatu kwa wiki. Pesa ilipobana Dereva akapanga vipaumbele kama mtu yeyote mwenye akili: mashine kwanza, chakula cha watoto pili, nauli, halafu Epo. Kuna wiki alikuwa na pesa na duka alilozoea halina. Agosti 2020 damu ikawa 6.1, akaongezewa chupa mbili. Novemba ikarudi 5.4, chupa moja. Januari 2021 ikafika 4.9, hawezi kupanda ngazi, moyo unapiga kama katoka kukimbizwa, chupa mbili tena. Jumla chupa tano ndani ya miezi sita. Ndugu walijipanga benki ya damu kuchangia badala, mdogo wake akiwa wa kwanza kwenye foleni, na kwa utaratibu damu yao inaingia kwenye akiba ya wote, mgonjwa anapewa iliyopo inayomfaa.

Kila chupa ya damu ina seli nyeupe za mtu mwingine ndani yake, na zile seli zimebeba alama za tishu, hizohizo alama ambazo ziko kwenye figo. Mwili wa Dereva ukaonyeshwa alama za watu watano asiowajua ukatengeneza kingamwili dhidi yao. Baadhi ya hizo alama, kwa bahati mbaya, mdogo wake anazo kwenye ile nusu wasiyofanana. Basi. Hiyo ndo vita ya Septemba 2021. Nchi zenye uwezo damu ya mgonjwa anaesubiri figo wanaichuja seli nyeupe kwanza, haiondoi hatari yote ila inaipunguza, na zaidi ya yote wanakwepa kumwongezea damu kabisa, wanamchoma Epo. Kwetu chujio hilo halikuwepo.

Nimebishana na wenzangu wawili watatu kuhusu hizo chupa. Mmoja anasema tulimharibia figo ya ndugu yake kwa mikono yetu. Mimi msimamo wangu: ile ya Januari hamna daktari duniani angeiacha, damu 4.9 na moyo unahangaika, mwaka ule wenye changamoto za upumuaji kila wodi, angekufa. Ya Novemba naweza kubishana. Ila ukitaka kosa litafute nyuma ya chupa, kwenye Epo, sindano ambayo bei yake kwa mwezi ni ndogo kuliko wiki moja ya mashine, na hakuna kwenye familia wala kwetu aliyekaa nae akamwambia kaka, ukikata kitu usikate hiki, maana unakata na figo ya mdogo wako. Tulimwambia Epo ni ya kuongeza damu. Hatukumwambia ni ya kulinda krosimachi. Sa hivi tunawaambia wote wanaosubiri, siku ya kwanza kabisa.

Kwanini walipima tena Septemba 2021 na sio mapema? Walijaribu. Mwanzoni mwa 2021 safari za India zilianza kuwezekana kwa mipango maalum, kaka mkubwa kauza kiwanja Kiboriloni, makaratasi yakaanza upya. Watu hawajui hii sehemu ya makaratasi. Sheria ya India ya viungo ya 1994 inataka ithibitike kwamba mtoaji na mpokeaji ni ndugu kweli na hamna biashara, kwa mgeni kuna barua za ubalozi, vyeti vya kuzaliwa, kikao cha kamati. Vipimo vya ukimwi na homa ya ini vina mda wake, vikipitwa unarudia. Viza nayo ikapitwa. Wakapanga Mei 2021. Aprili ikaja Delta, ile aina mpya ya kirusi cha korona, mliona wenyewe kwenye simu zenu zile picha za Delhi, watu wanatafuta mitungi ya oksijeni barabarani. Hospitali ikawaandikia subirini. Mara ya pili hiyo.

Chumbani kwetu nako hakukuwa kumetulia. Mgonjwa wa mashine huwezi kumwambia kaa nyumbani. Anapanda Hiace mara mbili tatu kwa wiki, anakaa masaa manne pembeni ya mwingine, hewa ileile. Rejista za Ulaya za 2020 zilionyesha karibu mmoja kati ya watano wa mashine waliopata korona alikufa ndani ya siku 28, na waliopandikizwa namba haikuwa mbali na hapo. Hapa kwetu Februari na Machi 2021 viti vilibaki wazi asubuhi, na kama mnakumbuka ile miezi, cheti kilikuwa hakiandiki korona. Dereva alikaa kiti cha dirishani kile kipindi chote, barakoa mbili, dirisha wazi, wenzake wanamlalamikia. Hakufunga.

Chanjo zilipofika mwisho wa Julai 2021, ile ya Janssen ya dozi moja, alisita sana, sio kwa ujinga, kwa mwaka mzima alikuwa kaambiwa kitu kingine na watu anaowaheshimu. Nilichomwambia ni kimoja tu, kwamba akichanja kabla ya figo mwili wake bado una nguvu ya kujibu, akisubiri apandikizwe kwanza atakuwa anameza dawa za kushusha kinga na chanjo haitashika vizuri. Sikutunga. Johns Hopkins walifatilia waliopandikizwa viungo, baada ya dozi ya kwanza ya zile chanjo za mRNA, yani za Pfizer na Moderna, asilimia 17 tu walikuwa na kingamwili, baada ya ya pili 54, wakati watu wazima wa afya karibu wote wanajibu. Wafaransa wakaongeza dozi ya tatu wakafika 68. Akachanja Agosti. Mama yake alimnunia wiki nzima.

Septemba krosimachi ikaja mbaya. Mdogo wake alilia kuliko mgonjwa. Alikaa benchi la nje akaniuliza, "Sista, kwani mimi damu yangu imebadilika?" Nikamwambia hapana bwana mdogo, wewe uko vilevile, kaka yako ndo kafundishwa kukukataa. Nilijaribu kumweleza mambo ya chupa, akaniangalia akasema lakini mimi nilichangia ile damu. Ikabidi nirudie mara mbili kwamba aliyochangia yeye iliingia benki, ila niliona kabisa haimwingii, na mpaka leo nadhani anaamini ni yake.

Sasa yule dada. Mwaka 2020 alikuwa na mimba, 2021 ananyonyesha, mwisho wa 2021 mtoto kaachishwa. Kwa hiyari yake akasema nipimwe na mimi. Tishu zikaja zinafanana kabisa, ile robo. Na hapa ndo kisa kinakuwa kigumu kukisimulia kwa hasira tu, kwa sababu ukifanana kabisa alama ambayo mpokeaji hana na wewe huna, kwa iyo zile kingamwili zote za chupa tano hazina cha kushika kwenye figo yake. Krosimachi safi. Kwa mda mrefu figo inayofanana kabisa inadumu zaidi kuliko ya nusu. Yani kuchelewa kulikoharibu figo ya kwanza ndiko kulikoipa nafasi ya pili, ambayo Februari 2020 hakuna hata aliyeifikiria.

Ila haikuwa bure. Mume wa dada alikuja kuniona peke yake, mtu mpole wa Kibosho, ana shamba la kahawa na ng'ombe wawili. "Sista, shemeji yangu nampenda, lakini huyu akibaki na figo moja atakata majani? Atabeba ndoo?" Nikamwambia atabeba baada ya wiki kadhaa za kupumzika, figo iliyobaki inaongeza kazi yenyewe, ila apime presha kila mwaka maisha yake yote. Akauliza watoto. Nikamwambia ukweli, mwanamke aliyetoa figo akibeba mimba hatari ya presha ya mimba inaongezeka kiasi, kama mnataka mwingine zaeni kwanza. Wakakaa wiki tatu wakarudi, wakasema watatu wanatosha. Hamna aliyemlazimisha, tulimkalisha peke yake bila mume bila kaka akarudia hivohivo.

India wakaachana nayo. Wakati huo kaka mkubwa mwenyewe ndo aliyesema twende Dodoma, gharama ni sehemu ndogo ya ile ya India, lugha ni yetu, na dada angerudi kwa watoto mapema. Mei 2022 wakapanda basi la Arusha kupitia Babati na Kondoa, Juni akapandikizwa Benjamin Mkapa. Mkojo ulitoka mezani palepale. Kreatinini siku ya saba ilikuwa 128.

Utalii nao ulikuwa umerudi, mwaka huo waliingia milioni 1.45, na kampuni moja ikamchukua kwa ajira ya kudumu kazi ya ofisini na yadi, bima ndani. Kuendesha porini daktari kamwambia asubiri, vumbi na maji ya mabwawa na kambi, mwenye kinga ya kushushwa sio mahali pake mwaka wa kwanza. Anameza takrolimasi saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, maikofenoleti, na predinisoloni kidogo, zote dawa za kushusha kinga. Korona ilimpata kidogo mwisho wa 2022, mafua na homa siku nne, wakamsimamishia maikofenoleti kwa mda kama inavyofanyika ili kinga ipumue, takrolimasi ikabaki, akapita salama.

Ule uchambuzi wa nchi 22 ulikadiria kwamba upungufu wa 2020 uligharimu zaidi ya miaka 48,000 ya maisha ya watu waliokuwa kwenye orodha za kusubiri. Tanzania haimo kwenye hizo 22, na orodha ya kusubiri ya kitaifa kama ya wenzetu hatuna, kila mtu anasubiri na ndugu yake. Dereva kwa hesabu yoyote ile hayumo mle. Alipoteza miaka miwili na miezi miwili, kiwanja cha Kiboriloni, na ada ya shule ya mtoto wa kwanza ambae alirudia darasa.

Mdogo wake bado ana gereji Majengo. Mwaka jana alipima afya kwa ajili ya bima ikaonekana presha 150 kwa 95. Kaanza dawa, na safari hii mtu wa kumpigia simu kila usiku kumuuliza kama kameza ni Dereva.